Kazi ya Wimbo Katika Hadithi

Wengi wetu tumeisikia hadithi ya msichana aliyetiwa na zimwi ndani ya ngoma. Zimwi hupita kijiji baada ya kijiji likiipiga ngoma hiyo, na msichana huimba humo ndani, mpaka wazazi wake waitambue sauti yake na kumwokoa. Uondoe wimbo ule, na msichana haokoki.

Hata hivyo, zamani nilidhani nyimbo katika sinema za hadithi ni pambo tu. Nilipochungua kazi ya watungaji wawili wa Marekani, Howard Ashman na Alan Menken, niliona kuwa nimekosea.

Ashman alitunga maneno, naye Menken alitunga muziki. Mwaka 1989 ilitoka sinema ya katuni waliyoitungia nyimbo, The Little Mermaid, yaani nguva mdogo. Asili yake ni hadithi ya Hans Christian Andersen wa Denmark, iliyochapishwa mwaka 1837. Ashman alikuwa mtu wa michezo ya jukwaani, akaleta kanuni ya huko: mapema katika mchezo, mhusika mkuu hana budi kuimba jambo analolitamani kuliko yote. Mtazamaji akishalijua, atamfuata hata mwisho. Basi binti nguva huimba pangoni, mbele ya vyombo vya wanadamu alivyoviokota, akitamani kuishi nchi kavu.

Sinema ilipojaribiwa mbele ya watazamaji, watoto hawakutulia wimbo huo ulipofika. Mkubwa mmoja wa studio akataka ukatwe. Lakini picha za sehemu ile zilikuwa hazijakamilika bado. Ashman alikataa, na waongozaji wa sinema wakamuunga mkono, hivyo wimbo ukabaki. Kama ungalikatwa, tungalimwona binti akimpa mchawi sauti yake ili apate miguu, wala tusijue kwa nini anakubali hasara kubwa namna ile.

Mwaka 1990 wawili hao walipata tuzo ya Oscar kwa wimbo mwingine wa sinema hiyo. Wakati huo Ashman alikuwa akiugua UKIMWI. Aliendelea kutunga maneno ya nyimbo za Beauty and the Beast huku nguvu zikimwishia, akafariki tarehe 14 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 40. Sinema ilitoka baadaye mwaka huo huo. Mwaka 1992 yeye na Menken wakapewa tena Oscar ya wimbo, naye Ashman hayupo.

Nawaomba wenzangu tunaotunga michezo ya shule tujiulize hivi kwa kila wimbo: ukiondolewa, hadithi itapungukiwa nini? Kama haipungukiwi na kitu, tuuondoe sisi wenyewe. Kama inapungukiwa, tusikubali uondolewe.