Watu wa Ulingo (3): Jitu la Uganda Lililozaliwa Mississippi

Wiki iliyopita tuliona kwamba mieleka ya kulipwa ya Marekani hupangiwa mshindi kabla kengele haijalia, ila miili inayoangushwa ulingoni ni miili kweli. Leo tumtazame mwanamieleka ambaye maisha yake yanatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko mwingine yeyote wa huko, kwa kuwa alikula jasho lake akijifanya jirani yetu.

James Harris alizaliwa Senatobia, jimbo la Mississippi, tarehe 28 Mei 1950, katika familia ya wakulima weusi waliolima ardhi ya mwingine na kugawana naye mavuno. Baba yake aliuawa penye mchezo wa kamari yeye angali mdogo. Alikua akifanya vibarua, kisha akawa dereva wa malori, na mwaka 1978 akaingia kwenye mieleka. Alipigana kwa jina la Sugar Bear Harris, akavuka hadi Uingereza akiitwa Mississippi Mauler, na hakuna aliyemtilia maanani. Mwili mkubwa alikuwa nao. Alikosa kisa cha kuwafanya watu wanunue tiketi.

Kisa alipewa Memphis mwaka 1982. Promota Jerry Jarrett na mwanamieleka Jerry Lawler, ambaye pia ni mchoraji, walimtengeneza upya kwa kufuata mchoro wa msanii Frank Frazetta. Walimpaka rangi usoni, wakamchora mwezi na nyota mwilini, wakamvisha kinyago na kitambaa cha madoa ya chui kiunoni, wakampa mkuki na kumwacha pekupeku. Filamu ya kumtambulisha waliipiga shambani kwa Jarrett, Tennessee, wakitumia moshi wa barafu kavu uonekane kama ukungu wa msituni. Watazamaji wakaambiwa: huyu ni Kamala, Jitu la Uganda, aliyekuwa mlinzi wa Idi Amin.

Tukumbuke tarehe. Majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda walikuwa wameiteka Kampala Aprili 1979, na kufikia 1982 Amin alikuwa mkimbizi Saudi Arabia. Kwa watu wa Kagera na Masaka, vita vile vilikuwa makaburi na nyumba zilizobomolewa. Memphis vikawa pambo la tangazo. Na Uganda yenyewe ilikuwa na historia ya michezo ambayo promota yeyote angeweza kuisoma: John Akii-Bua alishinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Hata Amin aliwahi kuwa bingwa wa ndondi wa nchi yake. Uganda ya Kamala haikuwahi kuwako popote, na ilinunulika kwa sababu aliyelipa kiingilio hakuijua ile ya kweli. Huo ulikuwa utovu wa heshima kwa Waganda. Ulikuwa vilevile utovu wa heshima kwa Harris, Mmarekani mweusi aliyetakiwa auze taswira ileile ya mshenzi iliyotumika kuwadhalilisha babu zake.

Hata hivyo, kazi yenyewe aliifanya kwa ustadi mkubwa. Hakutamka neno mbele ya kamera. Alinguruma, akajipiga tumbo, akakodoa macho. Ubunifu ninaouheshimu zaidi ni huu: mpinzani akishalala, Kamala alimgandamiza akiwa kifudifudi, kana kwamba hajui kuwa sheria inataka mabega yaguse sakafu. Msimamizi wake mwenye kinyago, aliyevaa mavazi ya mwindaji wa kikoloni, alihangaika kumwelekeza amgeuze. Hivyo akaweza kushindwa bila kupoteza utisho wake, maana mashabiki waliamini kilichompungukia ni maarifa tu, nguvu anazo. Promota aliweza kumtumia mji baada ya mji.

Akafika kampuni kubwa kuliko zote, WWF. Miaka ya 1986 na 1987 alizunguka Marekani akipambana na Hulk Hogan. Agosti 1992 alipanda ulingoni dhidi ya Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu karibu 80,000. Baadaye alilalamika hadharani kwamba malipo yake yalikuwa haba mno yakilinganishwa na ya wapinzani wake. Alipoachana na WWF mwaka 1993 alirudi kwenye malori.

Kisukari kikamwandama. Mwaka 2011 alikatwa mguu wa kushoto, na mwaka uliofuata wa kulia. Akiwa katika hali hiyo aliandika kitabu cha maisha yake na kutengeneza viti vya mbao vya kuuza. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020 kwa Uviko-19, akiwa na umri wa miaka 70.

Inafaa kuelewa kwa nini mtu aliyejaza viwanja alihitaji kuuza viti. Mwanamieleka wa Marekani kisheria huhesabiwa mkandarasi anayejitegemea, si mwajiriwa, ingawa kampuni humpangia jina, mavazi, safari na hata siku ya kushindwa. Bima ya afya na pensheni hujitafutia mwenyewe. Mwaka 2016 Harris alikuwa miongoni mwa wanamieleka wa zamani walioishtaki WWE, jina jipya la WWF, kwa madhara ya ubongo; mahakama ikaitupilia mbali kesi hiyo Septemba 2018. Mkataba huo wa ukandarasi, ulivyoanza na unavyodumu, ndio tutakaouchambua wiki ijayo.