Mbinu za Kumkumbusha Mtoto Tahajia

Mbinu ya kukumbuka tahajia ni sentensi fupi, picha au mdundo unaomrudishia mtoto herufi anazozisahau. Watoto wa Fundo, kisiwa cha wavuvi kilichoko magharibi ya Wete, Pemba, huzikuta mbinu za namna hii madrasani. Katika tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, herufi tano za kalkala hukusanywa katika maneno mawili, "qutbu jad", na herufi sita za idghamu katika neno moja, "yarmaluna". Ajuaye neno anazo herufi zote.

Kiswahili sanifu huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo sikio ndilo la kwanza. Mtoto atamke "dhana" na "zana" kwa sauti, asikie tofauti, ndipo aandike. Mbinu huhitajika pale sikio linaposikia vyema lakini mkono ukasahau.

Ritifaa ya ng' ndiyo inayosahaulika sana. Ikiachwa, "ng'oa", yaani kuchomoa kitu, hugeuka "ngoa", yaani wivu. Sentensi moja huyafunga pamoja maneno yanayoihitaji: "Ng'ambo kuna ng'onda na ng'ombe." Mtoto anayevuka kwa mashua kwenda Wete na kuwaona ng'onda wakianikwa juani haoni taabu kuikumbuka. "Ngalawa", "ngoma" na "nguo" ziwekwe katika sentensi nyingine, zisichanganyike na hizo.

Herufi pacha nazo hupangwa hivyo hivyo. Kwa dh: "Dhoruba huleta dhiki." Kwa gh: "Ghafla ghuba ilichafuka." Kwa th, hesabu yatosha: thelathini na themanini huanza kwa th, ilhali sitini na sabini huanza kwa s.

Maneno marefu hukatwa silabi. "Walivyofundishwa" lina herufi 16, lakini silabi 6 tu: wa-li-vyo-fu-ndi-shwa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alieleza kuwa akili hushika kwa mara moja vipande saba hivi; silabi sita hushikika, herufi kumi na sita hupotea. Mtoto apige kofi kwa kila silabi, alifiche neno, aliandike, kisha alinganishe.

Sentensi ziwe chache, na mtoto atunge nyingine mwenyewe kwa mambo anayoyaona kila siku, kwani aliyoyatunga hukaa zaidi. Zirudiwe kesho yake, kisha baada ya wiki. Mkono ukishazoea kuandika sawasawa, sentensi imemaliza kazi yake na inaweza kuachwa.