Je, Wajua? Nanjing, jiji ambalo matofali yake yana majina

Je, wajua kwamba ukuta wa kale wa Nanjing, China, umejengwa kwa matofali yenye majina ya watu? Mfalme Zhu Yuanzhang, mtoto wa mkulima fukara aliyeanzisha nasaba ya Ming mwaka 1368, aliagiza matofali kutoka wilaya nyingi za bonde la mto Yangtze. Kabla ya kuchomwa, tofali lilipigwa chapa: limetoka wapi, ofisa gani alisimamia, nani alilifyatua, nani alilichoma. Likiwa bovu, mwenye kosa anajulikana. Ukuta ulikuwa na urefu wa kilomita 35 hivi, na kama kilomita 25 zingali zimesimama. Ukipita hapo usiangalie kimo tu. Inama usome. Mafundi wa zama zile walijenga wakasahaulika karibu dunia nzima; hapa jina la mfyatua matofali limedumu zaidi ya miaka 600.

Je, wajua kwamba Lango la Zhonghua ni malango manne yaliyopangwa moja nyuma ya jingine? Adui akivunja la kwanza, anajikuta amefungiwa uani. Ndani mna vyumba 27, vinavyosemekana kuwa viliweza kuficha askari 3,000.

Je, wajua kwamba Beijing ilichukua nafasi ya Nanjing kama mji mkuu? Mfalme Yongle, mwana wa Zhu Yuanzhang, alihamisha makao makuu mwaka 1421.

Je, wajua kwamba njia ya kwenda Ming Xiaoling, kaburi la Zhu Yuanzhang, inalindwa na wanyama 24 wa mawe? Wamo simba, ngamia, tembo na farasi, na pia qilin, mnyama wa hadithi ambaye Wachina waliamini hutokea pale tu mtawala anapotawala kwa haki. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, naye akapokewa kama qilin aliye hai! Mtazame yule wa jiwe: mnene, shingo fupi. Hafanani na twiga hata kidogo, lakini habari njema kwa mfalme haikuhitaji kufanana sana.

Je, wajua kwamba Zheng He, nahodha mkuu ambaye misafara yake ilifika Mogadishu, Barawa na Malindi, ana kaburi Nanjing? Lipo penye Mlima Niushou, na lilijengwa upya mwaka 1985. Wengi wanaamini mwili wake haumo. Ngazi zake ni 28, mafungu manne ya saba saba, kwa kukumbuka safari zake saba za kati ya 1405 na 1433. Zheng He alizaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan, na juu ya kaburi yamechongwa maneno ya Kiarabu: Allahu Akbar. Mgeni kutoka Lamu au Unguja, aliyezungukwa siku nzima na maandishi asiyoyajua, hapo atasoma bila mkalimani.

Je, wajua kwamba mwaka 1957 mhimili wa usukani wenye urefu wa mita 11 ulifukuliwa mahali meli za Zheng He zilipoundwa? Leo mahali hapo ni bustani ya kumbukumbu, na mabwawa marefu ya kuundia meli bado yanaonekana.

Je, wajua kwamba kaburi la Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China aliyezikwa hapa mwaka 1929, lina ngazi 392? Vaa viatu vyepesi.

Na je, wajua kwamba mashariki ya jiji, huko Yangshan, kuna jiwe la kumbukumbu ambalo halijawahi kutoka mlimani? Yongle aliagiza mwaka 1405 lichongwe kwa heshima ya baba yake. Kiwiliwili chake peke yake kinakaribia mita 50, mbali na kitako na kichwa. Uzito wake ni wa maelfu ya tani. Hapakuwa na njia ya kulihamisha, kazi ikaachwa. Lililosimamishwa Ming Xiaoling badala yake lina mita 9 hivi.