Upasuaji ukiharibika, fidia inachukua muda gani?

Swali hili linarudi mara nyingi katika vikundi vyetu: mama amepasuliwa wakati wa kujifungua, akabaki na kilema kwa uzembe wa aliyempasua. Fidia ataipata lini?

Hakuna tarehe moja kwa wote. Tribinali inaweza kumwomba kwanza daktari mwingine achunguze na kuandika ripoti. Tarehe za kusikilizwa zinasukumwa mbele, na anayeshindwa anaweza kukata rufaa. Mara nyingi ni jambo la miaka.

Lakini sisi pia tunahesabiwa siku. Kudai fidia peke yake, sheria ya kiraia ya Kongo inatupa miaka 30. Kushtaki kwa jinai kwenye parke, muda ni mfupi: mwaka 1 kwa kuumiza bila kukusudia, miaka 3 kama mgonjwa alikufa. Mwaka ukipita tukingali tunabembelezana na hospitali, mlango wa parke unafungwa kwa mama aliyeumizwa. Ule wa fidia unabaki wazi, lakini karatasi zinapotea na mashahidi wanahama.

Basi tusingoje. Tuombe nakala ya fishi na ripoti ya upasuaji. Tutunze risiti zote. Daktari mwingine aandike anachokiona, na tarehe. Mmoja wetu amsindikize mgonjwa kwa avoka. Mazungumzo ya kupatana yaendelee, lakini mama asitie sahihi karatasi ambayo hajasomewa na kuielewa.