Soma Chipu, Usisome Boksi

Anayetaka kujiundia kompyuta ya mezani ya kuendesha Linux kwa kawaida huanza na bei, kisha kasi ya prosesa, kisha ukubwa wa ram. Mimi humwomba aanze na swali jingine: draiva ya kila kifaa iko wapi, na nani anaitunza?

Kwa watumiaji wa Windows swali hilo halina uzito, kwa sababu mtengenezaji wa kifaa huandika draiva na kuwapa. Kwenye Linux draiva nyingi zimo ndani ya keneli yenyewe, kile kiini cha mfumo ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991. Draiva ikiwa humo, unachomeka kifaa na kazi inaendelea. Isipokuwemo, utaisaka mitandaoni na kuijenga mwenyewe, na keneli ikisasishwa huenda ukairudia kazi hiyo upya.

Hapo ndipo jina la kwenye boksi linapompoteza mnunuzi. Chukua adapta ya waifai ya USB ya TP-Link iitwayo TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo draiva yake, ath9k_htc, imo ndani ya keneli tangu zamani. Toleo la pili likaja na chipu ya Realtek RTL8188EUS, na waliolinunua kwa kufuata sifa za lile la kwanza wakajikuta wanahangaika na draiva za kuokoteza. Jina la bidhaa halikubadilika hata herufi moja. Kinachotofautisha ni maandishi madogo kwenye lebo: V1, V2 au V3. Bila kuyasoma hayo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kama tayari una mashine yenye Linux, chomeka adapta hiyo kisha andika amri ya lsusb. Utaona namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha, ya kwanza ya kampuni na ya pili ya kifaa. Ile ya Atheros hujitokeza kama 0cf3:9271. Kwa kadi zilizo kwenye ubao mama amri ni lspci -nn: 8086 ni Intel, 1002 ni AMD, 10de ni Nvidia, 14e4 ni Broadcom. Tafuta mtandaoni kwa namba hizo, si kwa jina la kibiashara, na majibu utakayopata yatakuwa ya kifaa chako kweli.

Kadi ya picha ndiyo inayokula fedha nyingi, kwa hiyo niseme wazi msimamo wangu: kwa mashine ya kwanza ya Linux, nunua AMD, au prosesa ya AMD au Intel yenye uwezo wa picha ndani yake. Draiva ya amdgpu iliingia kwenye keneli mwaka 2015 na kwa kawaida haidai usakinishe draiva ya ziada. Nvidia ina nguvu, na anayefanya kazi za akili bandia mara nyingi hana budi kuichukua, lakini draiva yake rasmi husakinishwa kando. Mwaka 2022 kampuni hiyo iliweka wazi msimbo wa sehemu ya draiva inayoingia kwenye keneli, kwa kadi za kizazi cha Turing na zilizofuata. Sehemu nyingine imebaki imefungwa. Kadi za mtumba za mfululizo wa GTX 600, na nyingi za 700, ziangalie kwa uangalifu zaidi: ni kizazi cha Kepler, na draiva mpya za Nvidia ziliachana nacho mwaka 2021 baada ya tawi la 470.

Upya nao una gharama yake. Kadi za Intel Arc ziliingia sokoni mwaka 2022, lakini keneli ilianza kuzipokea bila mipangilio ya ziada kwenye toleo la 6.2. Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliyotoka Juni 2023, ina keneli 6.1. Pengo la hatua moja tu linatosha kumfanya mgeni adhani kadi yake ni mbovu. Ndiyo maana mnunuzi wa soko la Kariakoo au wa maduka ya Luthuli Avenue anayechukua vifaa vya mtumba vya miaka mitatu minne iliyopita yuko salama kuliko anavyofikiri, mradi asirudi nyuma hadi kizazi cha Kepler.

Mengine ni ya kuhakikisha tu. Soketi ya AM4 ya AMD hutumia ram ya DDR4 na AM5 hutumia DDR5, na haziingiliani. Mbao za Intel za LGA1700 zipo za aina zote mbili. Kisakinishi kikishindwa kuiona diski kwenye ubao wa Intel, ingia kwenye BIOS na uangalie kama hali ya diski imewekwa RAID au RST, kisha uibadilishe iwe AHCI.

Ukinunua mashine iliyokwisha kuundwa, nenda dukani na flashi yenye Ubuntu ya kujaribia bila kusakinisha. Sikiliza sauti, unganisha waifai, ilaze mashine kisha uiamshe. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha nyingi. Ukinunua vipande vipande huwezi kuwasha chochote pale pale, kwa hiyo patana na muuzaji kuhusu siku za kurudisha kifaa, na umwombe aandike kwenye risiti namba ya toleo pamoja na jina.