Thumni ya Mama katika Pijo ya Baba

Chini ya mjakaranda, katika ua wa nyumba anayopanga kaka yetu mkubwa huko Lavington, Nairobi, limesimama gari la marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni Peugeot 404 yenye viti vya safu tatu, ile ambayo Mombasa nzima iliiita Pijo. Limekaa hapo juu ya matofali tangu mwaka 2010, majani makavu yakilifunika na paka wakizalia chini yake. Mwezi wa Julai mwenye nyumba alileta habari kwamba ua umeuzwa na patajengwa maghorofa, kama palivyokwisha kujengwa kulia na kushoto, na kila kilichomo kiondoke. Ndipo sisi ndugu watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, tulipokutana. Mama yetu naye alipanda treni kutoka Mombasa, akafika amejitanda leso juu ya buibui na sweta juu ya vyote viwili, akasema baridi ya Lavington haina adabu.

Mnunuzi alikwisha kupatikana. Ni kijana apendaye magari ya kale, na nia yake hakuificha: kulishusha gari hadi karibu na ardhi, kulitia injini mpya yenye nguvu na kulipaka rangi ya chungwa. Hatukumlaumu. Vijana wa California katika miaka ya 1950 walifanya mfano wa hayo kwa Ford kuukuu, wakizikata paa na kuziacha injini wazi, na wenzao wakapakia mbao za kutelezea mawimbi wakaelekea baharini. Ulimwengu mzima umezisikia habari zao. Za kwetu hatujawahi kuzisimulia hata kwa wanetu wenyewe.

Baba alilinunua gari hilo mwaka 1975, likiwa limekwisha kutumika, akalifanya teksi ya Mombasa na Malindi. Safari hiyo ya kilomita 120 hivi ilikuwa ni kuvuka maji baada ya maji. Kwanza daraja la kuelea la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1931, ambalo lilipanda na kushuka pamoja na bahari; kisha Mtwapa; kisha Kilifi, ambako gari liliingia ferini na abiria wakashuka kununua korosho. Daraja la kuelea liliondoka mwaka 1980 lilipofunguliwa daraja jipya, na feri ya Kilifi ikapumzika mwaka 1991. Wajukuu wa baba hupita huko kwa dakika chache wakitazama simu zao, wala hawajui kwamba babu yao hakuwasha gari kabla ya kuuliza habari za kupwa na kujaa.

Nalo lilipambwa! Dashibodi ilivikwa mahameli mekundu yenye pindo la nyuzi za dhahabu, tasbihi ikaning'inia kiooni, na mgongoni fundi wa rangi wa Majengo akaandika SUBIRA kwa herufi za kijani. Baba alikuwa mwana wa nahodha, na kwao chombo kisicho na jina kilikuwa kama mtoto asiyefanyiwa akika. Jahazi la babu lilichorwa macho mawili kwenye omo ili lione njia. Baba naye akamwamuru fundi achore jicho dogo la buluu juu ya kila taa ya mbele. Fundi alicheka sana. Moja la macho hayo lingali linaonekana mpaka leo ukilipangusa vumbi.

Katika buti halikukosekana tyubu la lori. Siku ya pili ya Idi teksi haikubeba abiria. Ilitubeba sisi, mahamri na sufuria ya pilau, mpaka Malindi. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba, na wimbi hufa mbali kabla halijamfikia mtu. Ghuba ya Malindi si hivyo. Mto Sabaki humwaga hapo maji matamu na matope, matumbawe hayastawi mbele ya mji, na wakati wa kusi mawimbi huja yakiwa mazima hadi mchangani. Wageni wa hoteli walilalia mbao fupi, wakasukumwa na wimbi kama samaki waliotupwa. Sisi tulilalia tyubu. Baba alilifunga kwa kamba ya makumbi, akashika ncha yake akiwa amesimama ndani ya maji na suruali yake, akipiga kelele kila wimbi lilipoinuka. Ile pua ya kutilia upepo ilitukwaruza mbavu, na alama zake tulizipeleka shuleni kwa fahari. Watoto wa kike tuliingia mapema, baada ya sala ya Alfajiri, tumevaa magauni marefu na leso zimefungwa viunoni, ufuo ukiwa hauna mtu ila wavuvi waliogeuza nyuso zao kwa heshima.

Wakati wa Pasaka yalikuwapo mashindano ya Safari Rally, na kaka yetu alichora namba kwa chaki kwenye mlango wa Pijo. Alikuwa na haki ya kujivuna: 404 ilishinda mashindano hayo mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mama alikuwa na shujaa wake mwingine. Baba alipata kumwambia kwamba mwaka 1962 mwanamke wa Kiingereza, Pat Moss, alimaliza wa tatu akiwa na Saab ndogo. Mama aliyaweka maneno hayo moyoni, na mwaka 1978 akadai afundishwe kuendesha. Walitoka na giza la alfajiri, wakaenda Mama Ngina Drive, ambayo wazee wangali wakiiita Azania, na huko buibui likajifunza gea ya usukani. Majirani walisema waliyosema. Leseni yake ingalipo kabatini pamoja na vyeti vyetu.

Kwa hiyo tulipoketi barazani Lavington, na kaka mkubwa akatangaza kwamba mnunuzi anatoa shilingi 640,000 na kwamba fedha hizo zitamsaidia kuhama, mama aliweka kikombe chini akauliza: "Thumni yangu i wapi?"

Hatukuwa na la kujibu. Baba alifariki mwaka 2009. Nyumba ya Mombasa iligawanywa kwa kadhi ndani ya miezi michache, lakini gari lilichukuliwa tu. Dada yetu wa kati aliuliza siku zile, akaambiwa gari ni mambo ya wanaume. Tuliobaki tulinyamaza, wa kike pia, na kunyamaza huko hatukujivunii.

"Mama, hili ni chuma tu," alisema kaka.

"Chuma hiki ndicho kilichokusomesha, mwanangu. Kigawanye."

Hesabu yenyewe haikumshinda mtoto wa darasa la sita. Wazazi wa baba walikwisha kutangulia, na madeni yalikwisha kulipwa. Mke ana thumni. Zilizobaki ni thumni saba, kila wa kiume mbili, kila wa kike moja. Thumni moja ni shilingi 80,000. Kaka alikaa kimya muda mrefu akitazama mjakaranda. Kisha akamgeukia dada wa kati, akamwomba radhi mbele yetu sote.

Dada ndiye aliyetaka kulinunua. Atatulipa sisi wanne 480,000 kwa awamu mpaka Ramadhani, na gari litashushwa Mombasa juu ya lori. Tuliandika, tukaweka mashahidi. Mama alikataa kuuza sehemu yake. Alisema thumni yake ni usukani.

Jioni tulifungua buti lililokuwa limeshika kutu, tukalikuta tyubu limekunjwa, na kamba ya makumbi imegeuka unga. Mama akataka litiwe upepo. Tulilipeleka kituo cha petroli kilicho karibu, likavimba kidogo, kisha likaanza kutoa sauti ya nyoka mahali pawili. Kijana wa kituo alitafuta kiraka asipate. Matairi ya siku hizi mengi hayana tyubu, alisema. Akauliza ni la gari gani.

"La Malindi," mama akamjibu, na kumwomba atafute tena.