Nambari tasa isiyosomeka ilivyothibitishwa

OKTOBA 2024, ulimwengu wa hisabati ulitangaziwa nambari ambayo hakuna kitabu cha kawaida kinachoweza kuibeba. Ina tarakimu 41,024,320. Ukichapisha tarakimu 5,000 kila ukurasa, utahitaji kurasa zaidi ya 8,200.

Nambari hiyo, iliyogunduliwa na Mmarekani Luke Durant, ni tasa, yaani haigawiki kikamilifu ila kwa 1 na kwa yenyewe. 7 ni tasa. 9 si tasa, kwa kuwa 3 huigawa.

Msomaji atauliza: tunajuaje, ilhali hakuna binadamu atakayeisoma yote? Kuigawa kwa nambari moja baada ya nyingine hakuwezekani, hata tarakilishi zote duniani zikishirikiana.

Siri imo katika umbo lake. Andika 2 mara 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Nambari za jamii hii huitwa kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa aliyechapisha orodha yake mwaka 1644. Umbo pekee halitoshi. 2 tano zikizidishwa hutoa 32. Ukitoa 1 unapata 31, ambayo ni tasa. Lakini 2 kumi na moja hukufikisha 2,047, na hiyo ni 23 mara 89. Mersenne mwenyewe aliteleza: aliitaja 67 miongoni mwa idadi za 2 zinazozaa nambari tasa, na mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Edouard Lucas, akabainisha kwamba sivyo.

Ni Lucas huyo aliyebuni kipimo kinachotumika hadi leo, kikaboreshwa baadaye na Mmarekani Derrick Lehmer. Kijaribu kwa 31. Anza na 4, uizidishe kwa yenyewe, utoe 2: unapata 14. Rudia: 194, ambayo ukiigawa kwa 31 hubaki 8. Rudia tena: 62, ambayo 31 huigawa pasipo baki. Ikiwa baki ni sufuri, nambari ni tasa. Raundi hupungua idadi ya 2 kwa mbili. Hapa zilikuwa tatu. Kwa nambari ya Durant ni 136,279,839, kila moja ikizidisha mamilioni ya tarakimu.

Oktoba 11, mtambo ulioko Dublin, Ireland, uliashiria kwamba yamkini nambari hiyo ni tasa. Kesho yake mwingine ulioko San Antonio, Texas, ukakamilisha kipimo cha Lucas na kupata sufuri. Hata hivyo, ilirudiwa kwa programu na mitambo tofauti kabla ya kutangazwa Oktoba 21, maana kosa moja katika raundi yoyote lingeharibu jibu zima.

Wanaodhani nambari hii italinda akaunti za benki wamekosea. Kazi hiyo hufanywa na nambari tasa za tarakimu mia kadhaa tu, tena za siri, ilhali hii inajulikana na kila mtu.

Ni ya 52 kupatikana katika jamii ya Mersenne. Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba nambari tasa hazina mwisho. Kama hizi za Mersenne nazo hazina mwisho, hakuna aliyewahi kuthibitisha.